Kabla ya Kuchagua Kidhibiti cha Treni za Mfano, Hesabu Ampea

Mtu anayetaka kuziendesha treni zake za mfano kwa mfumo wa kidijitali kwa kawaida huanza kwa kukitazama kidhibiti: kina skrini au hakina, kina kitasa cha kuzungusha au vitufe, kinaelewana na simu au hakielewani. Kwa maoni yangu hilo ni jambo la kuamuliwa mwisho. Kidhibiti cha mkononi kinaweza kubadilishwa mwaka ujao bila kugusa kitu kingine chochote mezani, ilhali unene wa nyaya zilizopita chini ya mbao, namna reli zilivyogawanywa, na kiwango cha mkondo unaoruhusiwa kupita ndani yake ni mambo ambayo, yakishafanywa vibaya, hurekebishwa kwa kulala chali chini ya meza na kufumua kazi ya miezi. Kwa hiyo nitaanza na umeme, nitakaa sana kwenye umeme, na vidhibiti vyenyewe vitafuata baadaye.

Meza yangu iko kusini mwa Ujerumani, katika chumba cha chini cha jengo tunaloishi, na inaigiza kipande cha njia ya Tanga, kati ya Muheza na Korogwe. Njia hiyo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893, ikafika Mombo mwaka 1905, na upana wake, kama ulivyo wa reli nyingi za zamani za Afrika Mashariki, ni mita moja. Katika kipimo cha 1:87 mita moja huwa milimita 11.5 hivi, na kipimo kinachoitwa H0m hutumia reli za milimita 12, tofauti ambayo jicho haliioni. Sijapata injini za njia ya Tanga zilizo tayari dukani, basi nanunua vitako vya Bemo, kampuni ya hapa Ujerumani inayotengeneza mifano ya Rhätische Bahn ya Uswisi, kwa kuwa nayo ni reli ya mita moja, kisha mwili wa juu naujenga mwenyewe. Nayataja haya kwa sababu kipimo ndicho kinachoamua karibu kila namba itakayofuata. Mwenye reli za bustanini za milimita 45 na mwenye reli za N za milimita 9 hawawezi kununua kifaa kimoja wakaridhika wote wawili.

Katika mfumo wa zamani, kasi ya treni ilikuwa ndiyo voltiji ya reli: ukizungusha kitasa, volti hupanda kutoka sifuri kuelekea 12, na kila injini iliyoko kwenye reli hiyo huondoka pamoja na wenzake, upende usipende. Katika mfumo wa kidijitali uitwao DCC, ambao msingi wake ulitokana na kazi ya Bernd Lenz wa Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1980, na ambao chama cha NMRA cha Marekani kiliufanya kuwa kiwango cha pamoja katika miaka ya 1990, reli hubeba voltiji kamili muda wote, treni ikiwa inakimbia au imesimama. Voltiji hiyo hugeuzwa, chanya ikawa hasi na hasi ikawa chanya, maelfu ya mara kwa sekunde, na urefu wa kila mgeuko ndio unaobeba ujumbe: nusu ya biti ya moja hudumu sehemu 58 za milioni ya sekunde, na nusu ya biti ya sifuri hudumu 100 au zaidi. Dekoda iliyomo ndani ya injini huusoma ujumbe, huangalia kama anwani iliyotajwa ni yake, kisha hutumia umeme uleule kuzungusha mota, kuwasha taa na kupiga honi.

Ndiyo maana kifaa tunachokiita kidhibiti kwa kweli ni vifaa vitatu ambavyo mara nyingi hukaa ndani ya kasha moja. Kipo kile cha mkononi, ambacho hupokea matakwa ya dereva. Kipo kitengo kikuu, ambacho huyageuza matakwa hayo kuwa ujumbe. Na ipo busta, ambayo huuchukua ujumbe dhaifu na kuutia nguvu za kusukuma treni. Ampea zinazoandikwa kwenye boksi dukani ni za busta, na hizo ndizo za kuhesabu.

Injini ya kisasa ya kipimo cha H0 (1:87 kama yangu, ila kwa reli pana zaidi), yenye mota nzuri na taa za LED, hula kati ya ampea 0.2 na 0.5 inapovuta mabehewa yake kwenye tambarare. Ikiwa na spika na dekoda ya sauti huongeza kidogo, na mifano ya zamani yenye mota kubwa inaweza kufika ampea 1 nzima. Kwa kipimo cha N kata hesabu hiyo nusu. Kwa kipimo cha O kadiria ampea 1 hadi 2. Na kwa treni za bustanini, hasa zenye mota mbili, 2 hadi 3 si ajabu. Kitu ambacho watu hukisahau ni mabehewa. Globu ndogo ya zamani hula kiasi cha ampea 0.05, hivyo treni ya abiria ya mabehewa kumi yenye globu mbili kila moja hula ampea 1 ikiwa imesimama tu stesheni, zaidi ya injini inayoivuta. Ukibadilisha globu hizo kwa LED, mzigo huo hushuka hadi pale ambapo huna haja ya kuuhesabu. Kabla ya kununua busta kubwa zaidi kwa sababu ya mwanga wa mabehewa, afadhali ununue LED. Ni rahisi kuliko busta na hazichemki.

Kwangu treni tatu hutembea kwa wakati mmoja, na injini nyingine chache husubiri Korogwe zikiwa zimewashwa. Tatu kwa ampea 0.5 ni 1.5, zinazosubiri, pamoja na sauti zao, nimezipa 0.4; mabehewa yenye LED nimeyapa 0.2. Jumla ni 2.1, na nikiongeza robo kwa ajili ya mpando na kwa ajili ya gurudumu linalokwama, nafika 2.6. Busta ya ampea 3 yanitosha, na nafasi inabaki.

Hapa ndipo muuzaji, kwa nia njema, atakapokwambia uchukue ya ampea 5 au 8 ili usijute baadaye. Katika vifaa vingi vya umeme ushauri huo ni wa busara, kwa kuwa chaja kubwa haiidhuru simu. Simu huchukua inachohitaji. Katika reli za mfano hali ni tofauti, kwa sababu reli ni waya mbili za chuma zisizovikwa chochote, zimelazwa wazi juu ya meza, na juu yake yanapita magurudumu ya chuma ambayo siku moja yatatoka njiani. Siku hiyo injini, au gurudumu la behewa lililoangukia kwenye pointi (pale njia moja inapogawanyika kuwa mbili), huziunganisha reli mbili na kupiga shoti. Swali la usalama basi ni moja: kwa sekunde ngapi, na kwa ampea ngapi, umeme utaendelea kupita kwenye kile kipande kidogo cha chuma kabla busta haijakata?

Tuifanye hesabu, kwa kuwa ni fupi. Chukua voltiji ya reli kuwa 15. Chukua kwamba kutoka kwenye busta hadi mahali pa shoti, nyaya, maungio ya reli na mguso wa gurudumu lenyewe vina ukinzani wa jumla wa ohm 2, kiasi ambacho hupatikana kwa urahisi kwenye meza iliyofungwa waya mwembamba. Mkondo wa shoti utakuwa ampea 7.5. Busta ya ampea 3 itaona mkondo umepita mara mbili ya uwezo wake, na itakata papo hapo. Busta ya ampea 8 haitaona kasoro yoyote. Itaendelea kusukuma zaidi ya wati 110, na joto hilo litagawanyika kati ya waya na ule mguso mdogo wa gurudumu, wakati chuma cha solda cha kufanyia kazi za elektroniki mara nyingi ni cha wati 30 tu. Nimeshika mkononi behewa ambalo ekseli yake imejizika ndani ya plastiki iliyoyeyuka, na mwenye behewa hilo hakuwa amesikia mlio wala kuona cheche; alinusa tu.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kwa N, H0m na H0 usiweke zaidi ya ampea 3 kwenye sehemu moja ya reli, na ikiwa hesabu yako inazidi hapo, usinunue busta kubwa zaidi bali gawanya meza katika maeneo mawili au zaidi, kila eneo na busta yake au na kikata umeme chake. Mgawanyo huo una faida nyingine ambayo utaithamini siku ya wageni: treni ikianguka Muheza, za Korogwe zinaendelea na safari. Mabusta mengi pia huruhusu kiwango cha kukata kushushwa, na kama yako inaruhusu, kishushe hadi pale hesabu yako inapotaka. Kwa treni za bustanini mambo ni mengine; injini zake ni nzito, waya zake za ndani ni nene, na ampea 5 hadi 8 zina kazi ya kufanya.

Namna ya kuhakikisha haihitaji chombo chochote. Chukua sarafu, washa mfumo, tembea nayo kando ya reli na uilaze juu ya reli zote mbili kila baada ya hatua moja. Kila mahali busta lazima ikate mara moja, na ukiinua sarafu lazima irudi. Mahali ambapo haikukata, au ilisitasita, hapo ukinzani ni mkubwa mno, na hapo ndipo patakapoyeyuka kitu. Sijali jedwali la mtengenezaji linasema nini kuhusu busta yake. Meza isiyopita mtihani wa sarafu haijawa tayari kuendeshwa.

Sababu ya meza nyingi kushindwa mtihani huo ni waya. Reli yenyewe si mpitishaji mzuri wa umeme, kwa kuwa si shaba, na viungio vya bati vinavyoshika kipande kimoja na kingine hulegea na kushika kutu. Dawa ni kupitisha chini ya meza jozi ya waya mnene, kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha kuteremsha vijiwaya vifupi kutoka kila kipande cha reli kwenda kwenye jozi hiyo. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, uleule ambao mafundi huufunga kwenye soketi za nyumbani, una ukinzani wa takriban ohm 0.007 kwa kila mita. Kwa meza yenye urefu wa mita 10 umeme husafiri mita 20, kwenda na kurudi, hivyo ukinzani ni ohm 0.14, na kwa ampea 3 unapoteza chini ya nusu volti. Fanya hesabu hiyohiyo kwa waya wa milimita za mraba 0.5, ule mwembamba unaouzwa katika vifurushi vya rangi nzuri kwenye maduka ya treni, na utakuta karibu ohm 0.7 na zaidi ya volti 2 zilizopotea njiani. Treni itapunguza mwendo kadiri inavyokwenda mbali na busta, na mwenyewe atailaumu dekoda. Huo waya mwembamba una kazi yake, nayo ni vile vijiwaya vya kuteremkia, mradi visizidi sentimita 20 au 30.

Jambo la kuangalia ni vitanzi. Ikiwa njia yako inazunguka na kujirudia yenyewe, reli ya kulia itakutana na ya kushoto na itakuwa shoti, haijalishi treni ipo au haipo. Kipande hicho hutengwa na kupewa kifaa kinachogeuza umeme chenyewe, nacho lazima kiwe chepesi kushtuka kuliko busta, la sivyo busta itakata kabla hakijapata nafasi ya kugeuza. Wenye mfumo wa Märklin wa reli tatu, ambao umeme wao huingia kwa vinundu vya katikati, hawalijui tatizo hili.

Pointi zinastahili maneno yake peke yake. Zinazosukumwa kwa koili huhitaji mkondo wa ampea kadhaa kwa muda mfupi sana, na ukizilisha kutoka kwenye umeme uleule wa treni, kila unapobadilisha njia taa za mabehewa hupepesa na busta ndogo inaweza kukata. Kwa hizo, tumia chanzo kingine cha umeme chenye kapasita kubwa inayojijaza polepole na kutoa nguvu zake kwa pigo moja. Zinazosukumwa na mota za polepole, kama Tortoise ya Circuitron, hula kiasi cha ampea 0.015 tu, hata zikiwa zimefika mwisho na kukwama makusudi, kwa hiyo mzigo wake hauhisiki. Lakini hata kwa hizo za polepole mimi nasisitiza umeme wa pembeni, kwa sababu isiyohusu mzigo. Shoti za mezani, nyingi zake, hutokana na treni kuingia kwenye pointi iliyoelekezwa upande usio wake. Busta ikikata, na dekoda ya pointi ikiwa inalishwa na busta hiyohiyo, huwezi tena kuigeuza pointi ili kuondoa shoti. Unabaki kunyanyua treni kwa mkono huku umejinyoosha juu ya milima uliyoipaka rangi kwa wiki nzima.

Sasa chanzo cha umeme chenyewe, yaani kile kinachochomekwa ukutani. Vitengo vikuu vya kizazi cha zamani vilitengenezwa vilishwe na transfoma ya AC ya volti 16 au zaidi kidogo. Vya sasa, kwa sehemu kubwa, hulishwa na adapta ya DC kama ya kompyuta mpakato. Usichanganye bila kusoma kijitabu. Transfoma ya AC ya volti 16, umeme wake ukinyooshwa kuwa DC, hufikia kilele cha volti 22 na ushee, na ikiwa haina mzigo hupanda zaidi ya hapo, kwa hiyo kifaa kilichoandikiwa DC ya volti 18 hakitaipenda. Kingine ni kwamba baadhi ya vitengo hupima na kurekebisha vyenyewe voltiji inayokwenda kwenye reli, na baadhi hupitisha chochote ulichovipa baada ya kupunguza volti moja au mbili. Z21 nyeusi ya Roco na LZV100 ya Lenz ni za kundi la kwanza. Unaiambia unataka volti 14 au 15, nayo inazishika. Bodi ya Arduino, yaani kompyuta ndogo ya kujipangia mwenyewe, yenye ngao ya mota (bodi ya pili inayochomekwa juu yake na kutoa umeme wa reli), ni ya kundi la pili, na ukiilisha kwa adapta ya kompyuta ya volti 19, basi ni karibu volti 17 zitakazofika relini, ambazo H0 itazivumilia lakini N haizihitaji na baadhi ya dekoda ndogo hazitazipenda. Kwa N lenga volti 12 hadi 14, kwa H0 14 hadi 16, na kwa bustani 18 hadi 22. Kuongeza volti hakuongezi chochote kwenye raha ya treni inayokwenda mwendo wa mizigo. Huongeza joto la dekoda.

Wati za adapta zilingane na busta, na ziada kidogo. Busta ya ampea 3 kwa volti 15 ni wati 45, hivyo adapta ya wati 60 inafaa. Ya wati 30 itazima yenyewe kabla ya busta kukata, na hapo utapoteza ulinzi uliolipia, maana adapta hujikata na kujirudisha kwa tabia yake na busta haipati nafasi ya kujua kilichotokea. Kila kitengo kiwe na adapta yake. Adapta moja isigawiwe vitengo viwili, kwa kuwa ndani yake waya wa chini wa kimoja unaweza kukutana na wa kingine kupitia njia usiyoitarajia.

Dekoda za kisasa zenye kapasita za kuhifadhi umeme, ambazo huifanya injini ipite sehemu chafu ya reli bila kukwama, zina kero moja: mfumo unapowashwa, kapasita zote hujaa kwa wakati mmoja, na busta inaweza kulidhania pigo hilo kuwa shoti ikakata, ikajaribu tena, ikakata tena. Ukikutana na hali hiyo usikimbilie kununua ampea zaidi. Gawanya maeneo, au washa injini chache kwanza. Busta nyingi nzuri zina mpangilio wa kusubiri kidogo kabla ya kukata, na mpangilio huo uguswe kwa uangalifu, kisha sarafu irudi kazini.

Nimefika kwenye vidhibiti, na hapa nitakuwa mfupi kuliko wengi wanavyotarajia. Ukishajua kwamba unahitaji ampea 3 kwa volti 15, soko hupungua lenyewe. Märklin Mobile Station 2 ni ndogo na nyepesi, inaelewa DCC pia, na kwa adapta yake ndogo hutoa chini kidogo ya ampea 2. Kwa meza ya mtoto au kwa stesheni moja inatosha kabisa. Power Cab ya NCE ya Marekani nayo iko katika uwezo huo wa ampea 2 hivi, na kitengo chote kiko mkononi. ECoS ya ESU ina skrini kubwa na inampendeza mtu anayetaka kuona stesheni nzima ikiwa imechorwa mbele yake. Mimi natumia Z21 nyeusi. Sikuichagua kwa sababu ya programu yake ya simu, ambayo ni nzuri, bali kwa sababu inarekebisha voltiji, inatoa takriban ampea 3, na ina milango kadhaa ya kuunganishia vifaa, ikiwemo XpressNet ya Lenz, LocoNet ya Digitrax, na CAN. Mlango wa kuunganishia ndio unaoamua kama kidhibiti cha mkononi utakachokipenda miaka mitano ijayo, pengine cha kampuni nyingine, kitakubalika kwenye mfumo wako. Ndugu yake mweupe, z21start, ni wa bei nafuu zaidi, lakini ana milango michache na kazi ya simu huuzwa peke yake.

Kuhusu simu, nitasema tu kwamba kioo hakina kitasa. Ukiwa unarudisha treni taratibu ili iungane na behewa, macho yako yapo kwenye behewa, na kidole kinachoteleza juu ya kioo hakijui kiko wapi. Kitasa kinajulikana kwa ngozi. Ndiyo maana nimechomeka multiMAUS ya Roco, yenye waya, kwa kazi za stesheni, na simu nawaachia wageni wanaotaka kupiga honi. Kitasa chenye mwisho pande zote mbili, kama cha multiMAUS, kina ubaya wake ukihamia injini nyingine ambayo tayari inakimbia, kwani mahali pa kitasa hapalingani na mwendo wake. Wapo wanaopendelea kitasa kisicho na mwisho kwa sababu hiyo tu, nami siwapingi.

Hakikisha pia kuna njia ya pembeni ya kupangia dekoda, yaani kuipa anwani na mipangilio yake, iliyotengwa kabisa na reli nyingine. Kitengo kikuu huipa mkondo mdogo tu, na dekoda hujibu kwa kuvuta angalau ampea 0.06 kwa muda wa sehemu 6 za elfu ya sekunde, jibu dogo kiasi kwamba reli chafu hulipoteza. Ukiona kitengo kinashindwa kusoma dekoda mpya, futa reli na magurudumu kabla ya kuirudisha dekoda dukani.

Binamu yangu aliyeko Tanga naye ameanza meza yake, na kwake hesabu za ampea ni zilezile, ila ukuta ni mwingine. Umeme wa Tanzania ni wa volti 230 na mizunguko 50 kama wa Ujerumani, kwa hiyo adapta ya hapa inafanya kazi kule kwa kubadilisha plagi tu. Vifaa vilivyonunuliwa Marekani vichunguzwe kwanza: adapta iliyoandikwa 100–240 V haina shida, lakini transfoma iliyoandikwa 120 V peke yake, ikichomekwa kwenye 230, itaungua. Umeme ukikatika, achomoe adapta asisubiri urudi, maana kurudi kwake ndiko huja na volti za juu, na kifaa kilekile cha kulindia friji kinafaa kulindia treni.

Yeye hata hivyo amechagua njia ambayo naiona nzuri kuliko yangu kwa mazingira yake. Anatumia DCC-EX, programu huria inayokaa kwenye Arduino Mega na ngao ya mota, na reli zake analisha kwa betri ya sola ya volti 12. Ngao hiyo hupunguza karibu volti 2, kwa hiyo reli hupata 10 na kitu, nazo zinatosha kwa treni ya mizigo isiyo na haraka. Ngao ina njia mbili za kutolea umeme, moja ya meza na nyingine ya kupangia dekoda, na ile ya meza haipaswi kuvuka ampea 2. Kiungo cha Vin kilicho nyuma ya ngao kikatwe ili umeme wa reli usiingie kwenye Arduino, ambayo nayo ilishwe kwa chaja ya simu. Simu yake huunganishwa moja kwa moja na Wi-Fi ya kibodi cha pembeni kilichoongezwa kwenye Arduino, kwa kuwa Mega yenyewe haina Wi-Fi, bila bando na bila intaneti. Ila betri ya risasi, tofauti na adapta, haijui kukata. Shoti ikitokea kwenye waya kabla ya ngao, inaweza kumwaga mamia ya ampea. Fyuzi ya ampea 3 inakaa kwenye waya wa chanya, sentimita chache tu kutoka kwenye betri, na ndicho kitu cha kwanza nilichomtaka anitumie picha yake kabla hajaweka injini relini.